Nozeli ya Laval: jinsi ya kukokotoa mkondo wa gesi na kujua mshtuko umekaa wapi

Nozeli inayosinyaa kisha ikatanuka huwapotosha watu kwa sababu ya umbo lake. Wanaiona imetanuka mwishoni, wanakumbuka kwamba roketi nazo ziko hivyo, basi wanachukua kanuni ya kasi ya kutokea, wanaingiza namba, na kupata mita 500 kwa sekunde. Hesabu iko sawa, ila gesi yenyewe haiendi kasi hiyo. Inawezekana kabisa kwamba nusu ya njia imegonga mshtuko, yaani mahali presha inaporuka juu ghafla na kasi kushuka, na inatoka mdomoni ikitembea taratibu kuliko ilivyopita kooni, sehemu nyembamba kuliko zote.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na kasi. Unaanza na swali moja: presha iliyoko nje ya mdomo wa nozeli ni sehemu gani ya presha iliyoko kwenye tangi? Ukishalijibu, utajua uko kwenye hali ipi kati ya tano, na ndipo utajua kanuni ya kutumia.

Nitatumia nozeli moja mwanzo mpaka mwisho, ya shaba ya njano, iliyokerezwa kwa mashine ya kawaida ya karakana. Koo lina kipenyo cha mm 10, mdomo mm 14.14, na kati ya koo na mdomo kuna koni iliyonyooka ya urefu wa mm 30. Eneo la mdomo ni mara 2 ya eneo la koo. Hewa inatoka kwenye tangi la kompresa ikiwa na halijoto ya K 300, yaani nyuzi 27 za Selsiasi, na inamwagika nje usawa wa bahari, tuseme Dar es Salaam, ambako presha ya hewa ni kPa 101.3.

Kwanza, kwa nini itanuke?

Maji kwenye bomba huongeza kasi yakibanwa. Gesi nayo hufanya hivyo, lakini mpaka ifikie kasi ya sauti tu. Baada ya hapo mambo yanageuka, na uhusiano unaoeleza hilo ni mfupi:

dA/A = (M² − 1) · dV/V

A ni eneo la njia, V ni kasi ya gesi, na M ni namba ya Mach, yaani kasi ya gesi ukigawa kwa kasi ya sauti mahali hapohapo. M ikiwa chini ya 1, mabano yanakuwa hasi, hivyo eneo likipungua kasi inaongezeka. M ikizidi 1, mabano yanakuwa chanya, na sasa ili kasi iongezeke lazima eneo nalo liongezeke. Sababu ni densiti. Gesi iliyopita kasi ya sauti inapoteza densiti haraka kuliko inavyopata kasi, kwa hiyo inahitaji nafasi zaidi ili tungamo lilelile lipite. Na M = 1 haiwezi kutokea popote isipokuwa kwenye koo.

Gustaf de Laval, mhandisi wa Uswidi, alilitumia jambo hili kwenye turbini zake za mvuke mwishoni mwa miaka ya 1880. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama kweli mvuke ulikuwa unapita kasi ya sauti mle ndani. Aurel Stodola wa Zürich, mwanzoni mwa karne ya 20, alipitisha kijibomba chembamba katikati ya nozeli, kikiwa na kitundu ubavuni, akapima presha kituo kwa kituo. Kwenye grafu zake presha inashuka, inashuka, halafu inaruka ghafla juu. Mruko huo ndio mshtuko.

Ukitaka kuuona bila maabara, fungua bomba la maji juu ya sinki. Maji yakigonga chini yanasambaa kama sahani nyembamba yenye kasi, kisha kwa umbali fulani yanainuka ghafla na kuwa duara nene linalotembea pole. Fizikia yake si ileile, ila zinafanana sana: mkondo una kasi kuliko mawimbi yake wenyewe, haupati habari za mbele mapema, na unapokutana na hali ambayo hauwezi kuendana nayo, unarekebisha kila kitu mahali pamoja.

Hatua ya 1: weka presha zote katika presha kamili

Geji ya kompresa inasoma sifuri tangi likiwa wazi. Kanuni za gesi hazijui geji. Ongeza presha ya hewa ya nje kwenye kila usomaji kabla ya kufanya lolote. Mimi mara ya kwanza niliweka regyuleta kwenye kPa 100, nikaingiza 100 kama ilivyo, na hesabu ikaniambia hewa inatoka nje kuingia kwenye tangi. Nilitafuta kosa kwenye kanuni jioni nzima.

Andika basi: p0 ni presha kamili ya tangi, T0 ni halijoto ya tangi kwa kelvini, na pb ni presha kamili ya nje. Nenda na uwiano pb/p0. Huo ndio unaoamua kila kitu, si tofauti ya presha hizo mbili.

Hatua ya 2: andaa kanuni za mkondo usio na msuguano

Kwa hewa, uwiano wa joto mahususi k ni 1.4, na kanuni zinakuwa nyepesi:

T0/T = 1 + 0.2M²
p0/p = (1 + 0.2M²)^3.5
A/A* = (1/M) · [(1 + 0.2M²)/1.2]^3

A* ni eneo ambalo mkondo ungefikia M = 1. Gesi ikifikia kasi ya sauti kooni, A* ni eneo la koo lenyewe. Kwa mvuke uliopashwa kupita kiasi k ni karibu 1.3, na kwa moshi wa roketi ni karibu 1.2, hivyo vipeo vyote vinabadilika. Usichukue namba za hapa ukaziweka kwenye mvuke.

Kanuni ya tatu ina majibu mawili kwa kila eneo, moja chini ya kasi ya sauti na jingine juu yake. Kwa A/A* = 2 unapata M = 0.306, ambapo p/p0 = 0.937, au M = 2.197, ambapo p/p0 = 0.0939. Yaweke kwenye jedwali la Excel na ujaribu M mpaka 2 itokee. Dakika tano zinatosha. Namba hizi mbili ni mipaka miwili kati ya mitatu tunayoitafuta.

Hatua ya 3: tafuta mpaka wa tatu

Mpaka wa tatu ni pale mshtuko unapokaa sawasawa kwenye mdomo. Gesi imefika huko na M1 = 2.197, kisha inaruka. Kwa mshtuko ulionyooka kukata mkondo, kanuni za Rankine na Hugoniot kwa hewa (1 ni kabla ya mshtuko, 2 ni baada yake) ni:

p2/p1 = (7M1² − 1)/6
M2² = (M1² + 5)/(7M1² − 1)

Tukiingiza 2.197, presha inapanda mara 5.46. Kwa hiyo pb/p0 = 0.0939 × 5.46 = 0.513.

Hatua ya 4: jua uko kwenye hali ipi

Huku nje ni kPa 101.3 siku zote, na tunachobadilisha ni presha ya tangi. Hivyo nageuza mipaka iwe presha ya kusoma kwenye geji:

– Chini ya kPa 6.8 za geji: gesi haifiki kasi ya sauti popote. Nozeli inafanya kazi kama venturi, kasi ni kubwa kooni kisha inapungua.
– Kati ya kPa 6.8 na 96: koo limekabwa, yaani gesi imefikia kasi ya sauti hapo, na kuna mshtuko ndani ya sehemu inayotanuka.
– Kati ya kPa 96 na 978: ndani ya nozeli mkondo wote umepita kasi ya sauti, lakini unatoka na presha ndogo kuliko ya nje. Mishtuko iliyolala, inayoukata mkondo kwa mshazari, inajipanga nje ya mdomo.
– kPa 978, yaani bar 9.8: hali iliyokusudiwa. Presha ya mdomoni ni sawa na ya nje.
– Zaidi ya hapo: gesi inatoka na presha ya ziada na kuendelea kutanuka nje.

Itazame orodha hiyo tena. Kompresa nyingi za gereji zinakata kwenye bar 8. Kwa nozeli hii, ambayo kwa macho inaonekana ya kawaida tu, kompresa ya gereji haifikii kamwe hali iliyokusudiwa. Upande wa pili, inatosha kPa 7 kulikaba koo, presha ambayo mtu anaweza kuipuliza kwa mdomo. Wanafunzi wengi hudhani kukabwa kunahitaji tangi kuwa na karibu mara mbili ya presha ya nje. Hiyo ni kweli kwa nozeli inayosinyaa tu, ambayo mdomo wake ndio koo. Sehemu inayotanuka inarudisha presha, kwa hiyo presha ya kooni huwa chini sana kuliko ya nje.

Hatua ya 5: tungamo linalopita

Koo likishakabwa, habari za upande wa nje haziwezi kupanda kupita koo, kwa sababu habari za presha husafiri kwa kasi ya sauti na gesi pale inashuka kwa kasi hiyohiyo. Ukipunguza presha ya nje, tungamo halibadiliki. Kwa hewa:

ṁ = 0.0404 · p0 · A* / √T0

p0 iwe kwa paskali, A* kwa mita za mraba, T0 kwa kelvini, na jibu ni kilo kwa sekunde.

Tuchukue mfano wa kukokotoa mpaka mwisho: pb/p0 = 0.7. Tangi lina kPa 144.7, geji inasoma 43.4. Eneo la koo ni 7.854 × 10⁻⁵, hivyo ṁ = 0.0265 kg/s.

Simama hapo kidogo kabla hujakereza kitu. Kilo 0.0265 kwa sekunde ni karibu lita 1,350 za hewa ya kawaida kila dakika. Kompresa ndogo inayotoa lita 200 kwa dakika haiwezi kulishikilia jaribio hilo. Tangi la lita 500 likishuka kutoka bar 8 mpaka bar 2 linatoa takriban lita 3,000, yaani dakika mbili na kidogo, tena hewa ya ndani ikipoa njiani. Kama kompresa yako ni hiyo ndogo, fanya koo mm 3.5 na upunguze vipimo vingine kwa kiasi hichohicho. Uwiano wa maeneo ukibaki 2, namba zote za Mach na za presha zinabaki zilezile. Msuguano tu ndio utakaokula sehemu kubwa zaidi.

Hatua ya 6: mshtuko umekaa wapi?

Hapa ndipo watu hubahatisha. Wanachukua mahali fulani pa kuanzia, wanakokotoa hadi mdomoni, wanalinganisha, wanarudi. Inafika, lakini kuna njia ya mkato. Baada ya mshtuko gesi inatoka chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo presha ya mdomoni lazima iwe sawa na ya nje. Tena, mshtuko haubadilishi T0 wala tungamo. Tukiyaunganisha hayo, M ya mdomoni inapatikana moja kwa moja bila kujua mshtuko uko wapi:

M · √(1 + 0.2M²) = 0.5787 / [(pb/p0) · (Ae/At)]

Ae ni eneo la mdomo na At ni la koo. Upande wa kulia ni 0.5787/(0.7 × 2) = 0.4134. Pandisha pande zote kwa kipeo cha pili, utapata hesabu ya kipeo cha pili ya M², na jibu ni M = 0.407.

Sasa presha ya utulivu mdomoni, yaani presha ambayo gesi ingekuwa nayo ikisimamishwa bila hasara, ni pb × (1 + 0.2 × 0.407²)^3.5 = 1.121pb. Ukigawa kwa p0 unapata 0.7 × 1.121 = 0.784. Asilimia 21.6 ya presha ya utulivu imepotea, na katika mkondo usio na msuguano hakuna mwingine wa kushutumiwa isipokuwa mshtuko. Kanuni yake, p01 na p02 zikiwa presha za utulivu kabla na baada ya mshtuko:

p02/p01 = [6M1²/(M1² + 5)]^3.5 · [6/(7M1² − 1)]^2.5

M1 = 1.80 inatoa 0.813, na 1.90 inatoa 0.767. Kati yao, 1.863 inatoa 0.784. Tumempata: mshtuko unatokea pale gesi ilipofikia Mach 1.863. Rudi kwenye kanuni ya eneo, A/A* = 1.51, kipenyo ni 10 × √1.51 = mm 12.29. Koni inapanuka mm 4.14 katika urefu wa mm 30, kwa hiyo mshtuko uko mm 16.6 kutoka kooni.

Hatua ya 7: jaza jedwali, kisha jikague

Kooni: presha kPa 76.4, halijoto K 250, kasi m/s 317.
Kabla tu ya mshtuko: kPa 22.9, K 177, m/s 497.
Baada tu ya mshtuko: kPa 88.8, K 280, m/s 202, Mach 0.603.
Mdomoni: kPa 101.3, K 290, m/s 139, Mach 0.407.

Ile K 177 ni nyuzi 96 chini ya sifuri. Gesi imepoa hadi hapo hatua kwa hatua, kisha ikapanda hadi K 280 katika unene wa mshtuko, ambao kwa hewa ya kawaida ni sehemu ya elfu ya milimita hivi. Entropi, kipimo cha hasara isiyorudishika, imeongezeka kwa 287 × ln(1/0.784), karibu J 70 kwa kilo kwa kelvini. Ikitokea kwako imepungua, umegeuza pande: mshtuko unatoka juu ya kasi ya sauti kwenda chini tu, kamwe si kinyume.

Ukaguzi ninaouamini kuliko wote ni wa tungamo. Densiti ya mdomoni ni 101,300/(287 × 290.4) = 1.215 kg/m³. Zidisha kwa eneo la mdomo, 1.571 × 10⁻⁴, na kasi 139, utapata 0.0265. Ni sawa na ya kooni. Isipolingana, usiendelee.

Kupima kwa mikono

Toboa vitundu vya mm 1 ukutani kila baada ya mm 5, uvisafishe visibaki na kingo za kuchomoza ndani, na uviunganishe na geji. Manometa ya maji hapa haifai. Kabla ya mshtuko presha iko kPa 78 chini ya ya nje, sawa na maji ya kimo cha mita 8, na nozeli itayanyonya yote. Tumia geji ya vakyumu. Vaa miwani na vizibo vya masikio, na usiuelekeze mdomo wa nozeli kwenye mwili wa mtu.

Usitegemee kuona mruko mkali kama wa kwenye hesabu. Tabaka jembamba la hewa inayosuguana na ukuta halina kasi ya sauti, hivyo presha ya mbele hupenyeza nyuma kupitia humo, tabaka linabanduka ukutani, na mguu wa mshtuko unagawanyika. Geji zako zitaonyesha mteremko uliotandazwa, na mara nyingi kuruka kunaanza karibu zaidi na koo kuliko ulivyokokotoa. Hilo si kosa lako. Kwenye ile hali ya tatu pia, presha ya ukutani karibu na mdomo ikishuka chini ya takriban asilimia 40 ya ile ya nje, mkondo hubanduka ndani ya nozeli ingawa hesabu inasema mishtuko yote iko nje. Ndiyo maana injini F-1 za hatua ya kwanza ya Saturn V, roketi ya safari za mwezini, zilikuwa na uwiano wa maeneo wa 16 tu, ilhali injini za kufanya kazi juu angani hupewa kengele pana mno. Nje huko hakuna hewa ya kuubandua mkondo.

Unyevu ni adui mwingine, hasa pwani. Hewa iliyopoa mpaka K 177 haiwezi kubeba mvuke wa maji. Unaganda ghafla, unatoa joto, na presha inapanda kana kwamba kuna mshtuko mwingine. Ludwig Prandtl, mtaalamu wa Ujerumani wa mikondo ya hewa, alipoonyesha picha ya jambo hili kwenye mkutano wa Roma mwaka 1935, mishtuko yenye umbo la X ndani ya nozeli, chanzo chake kilikuwa bado kitendawili. Funga kikaushio kwenye bomba la kompresa, na ukiona ukungu ndani ya mkondo usiyaamini masomo ya siku hiyo.

Kitu cha mwisho ni mahali ulipo. Ichukue nozeli hiihii, geji ileile ya kPa 43.4, uende nayo Nairobi, ambako presha ya hewa ni takriban kPa 82. Tangi sasa lina 125.4, uwiano wa pb/p0 unashuka mpaka 0.654, na ukirudia hatua ya 6 utapata M1 = 1.95 na eneo mara 1.62 ya koo. Mshtuko umesogea mpaka mm 19.7, milimita tatu zaidi kuelekea mdomoni, wakati tungamo linalopita limepungua mpaka 0.023 kg/s. Kwa hiyo nozeli ikiwa ya kutumika miji yote miwili, kati ya mm 15 na mm 25 toboa vitundu kila baada ya mm 2, si 5.